Cheti cha Kutokuwa na Kitu

Riali tatu na baisa mia mbili
kuchapiwa kwamba sina kitu.
Kijana wa duka la fomu, pale Mabela,
anachapa bila kutazama vidole,
ananiuliza majina manne na kabila,
ananiuliza wangapi chini ya dari moja.
Sita, nasema. Saba mvua ikinyesha,
maana mjomba Azzan hushuka na godoro lake
chumba chake cha juu kikivuja.
Lakini mvua hapa ni mara mbili kwa mwaka.
Andika sita.

Nje nyuzi joto arobaini na sita.
Namsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu,
na njia ya magurudumu pana mtu kaegesha Prado.
Tunazunguka.

Ndani baridi ya ghala la samaki.
Namba yetu mia na arobaini na tatu,
kwenye kioo inawaka tisini na nane.
Mwanamke wa pembeni ana faili limevimba
kama mguu wa mjamzito;
mwaka wa saba huu, ananiambia,
na anatabasamu, kwa kuwa mimi ni mgeni.

Dirisha la sita.
Una ardhi?
Sina.
Marehemu mumeo?
Aliacha gari, na deni la gari.
Urithi mwingine?
Hapo nikakwama. Iko Ibra, nikasema,
sehemu ya sita ya sehemu ya nane
ya mitende kumi na moja.
Falaji lao lilikauka nikiwa darasa la nne.
Mwandishi akapiga hesabu kwenye simu,
akapata robo ya mtende na ushei,
akaifuta kwa kidole gumba.

Nje ya nchi?
Hakuna.

"Ipo!"

Mama. Nilidhani amelala.
Maswali yote ya Kiarabu yamempita,
hili moja limemwamsha.
"Ipo. Vikokotoni, nyuma ya fundi cherehani.
Ghorofa mbili, na tangi la maji alilijenga baba
kwa mikono yake, na ngazi ya saba mbovu,
ukishuka usiku uiruke."
Watu mia wakageuka.
Nikamshika bega. Mama, tafadhali.
Nikaliona ombi letu linateleza chini ya kaunta
kwa nyumba ambayo mimi sijapata kuiona mlango.

Mwandishi akavua miwani.
Kumbe anacho. Kiswahili cha kulelewa nacho,
kisichokwenda skuli.
"Bibi, nani anakaa humo sasa?"
"Watu."
"Una hati yake?"
"Nina risiti ya umeme."
"Unaidai?"

Mama akatazama dari, taa, tundu za hewa,
akatazama muda mrefu
hata namba mia na arobaini na nne ikaguna nyuma yetu.
"Sidai," akasema. "Umeuliza kama ipo."

Yule kijana hakuandika kitu kwa muda.
Kisha akaandika: hakuna.
Akagonga muhuri taratibu,
kama mtu anayefunga mlango chumba cha mgonjwa.

Ndani ya gari mama akauliza:
"Wametupa?"
"Wametupa namba."
Neno hili nalo lina milango miwili,
kutupa na kutupa.
Nikawasha kiyoyozi, nikaliacha.

Jioni, juu ya duka la matairi.
Thuweiba anafanya hesabu kwenye meza ya pasi,
kaka zake wamegawana kochi, miguu kwa kichwa,
ndoo chini ya kiyoyozi imefika nusu.
Nasimama katikati na cheti mkononi,
muhuri wake mbichi bado.
Kabati limejaa.
Juu ya friji, dawa za mama.
Chini ya godoro, godoro la mjomba Azzan.
Naambiwa nikitunze, kikipotea naanza upya,
na nyumba nzima haina pa kukiweka.
"Nipe," akasema Thuweiba, bila kuinua kichwa.

Asubuhi akaenda nacho skuli.